Napaua Mkonze mwezi ujao: nyumba isigeuke tanuri nifanyeje?

MgeniMkonze
Wakuu, habari za jioni. Nimehamia Dodoma kikazi, nina kiwanja Mkonze, kuta ni za tofali za saruji inchi sita na linta imefungwa wiki iliyopita. Kinachonitisha ni hapa ninapopanga: saa nne usiku nje watu wamevaa sweta, ndani chumba bado kinafukuta, ukigusa ukuta wa magharibi ni kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Fundi anasema, "Bosi, we weka kiyoyozi tu." Luku ataninunulia yeye? Vyumba vya watoto kwangu vinatazama magharibi. Bati nimependa la kahawia iliyokolea. Nishaurini kabla sijalipa.

BabuWaNkuhungu
Karibu Dodoma, kijana. Usilipe kwanza.

Nilipojenga Nkuhungu niliweka bati la damu ya mzee, likapendeza kweli, tukaungua chini yake miaka tisa. Hapa tuko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta. Jua la mchana linasimama utosini, kwa hiyo paa linapigwa kuliko ukuta wowote. Chukua bati jeupe. Mama watoto atasema halina mvuto. Wangu alisema hivyohivyo.

Halafu acha hewa ipite kati ya bati na dari. Mafundi wa siku hizi wanaziba kila upenyo kwa jipsamu. Mwambie aache matundu chini ya ukingo wa paa pande zote mbili, na mengine juu kabisa kwenye pembetatu ya ukuta, hewa ya moto itokee huko. Sasa hivi hiyo ni kazi ndogo. Mimi ilibidi nibomoe dari iliyokwisha kupakwa rangi.

Ukuta wa magharibi unanyonya jua tangu saa nane mchana, kisha unalirudisha ndani watoto wakishalala. Dawa ni kivuli: toa kibaraza cha bati upande huo, mita moja na nusu au mbili. Panda na mwarobaini, hauombi maji mengi, ila uwe hatua kama kumi kutoka kwenye msingi. Usiku fungua madirisha, asubuhi jua likishapanda funga na shusha pazia.

Bibi yangu kule Mvumi alikaa kwenye tembe, paa la udongo na ukuta mnene. Mchana ukiingia unatamani kulala. Ila kila masika tulipanda juu kuziba panapovuja, kwa hiyo sikwambii urudi huko.

Kokoto_Nzuguni
Babu, bati jeupe kwa vumbi hili? Miaka miwili tu linakuwa la kahawia bure.

Mimi namuuliza mgeni: plasta utachanganya na maji gani? Visima vingi huku vina chumvi. Nimepiga plasta nzuri tu, baadaye ikatoa unga mweupe na kubanduka, mwenye nyumba akanilaumu mimi. Onja maji kabla. Yakiwa na chumvi, agiza boza. Kwenye zege ndiyo usijaribu kabisa, chumvi inakula nondo. Na ukishapiga plasta mwagilia siku saba, jua la huku linakausha saruji kabla haijashika.

BabuWaNkuhungu
Vumbi ni kweli, lakini mvua za Desemba zinaosha. Hata likichafuka, halifiki moto wa lile langu la kwanza.

Na kwa habari ya maji, weka mifereji na simtanki mapema. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 10 ni kama lita 1,000, tena bila chumvi.

MgeniMkonze
Bati nimesimamisha. Fundi kanuna, anasema matundu yataleta popo na panya. Wavu uwe wa matundu kiasi gani, babu?

BabuWaNkuhungu
Hata penseli isipite. Na uwe wa chuma. Wa plastiki niliweka, panya wakautafuna ndani ya wiki.