Mbunge wa kawaida Kanada anaweza kumsaidia mtu?

Mama Tabata: Shikamooni wakubwa. Mdogo wangu yuko Edmonton, ameomba mumewe aliyeko hapa Dar amfuate. Faili limekwama, kimya. Kuna mtu kamwambia aende ofisi ya mbunge wake. Mbunge asiye waziri ana nguvu gani kweli?

Mzee wa Sinza: Marahaba mwanangu. Nimeishi Ottawa miaka mingi, mwambie aende. Ofisi ya mbunge jimboni ina wafanyakazi wanaoshinda na mambo haya haya: uhamiaji, pasipoti, pensheni. Atasaini fomu ya ridhaa, kisha wao wataiuliza idara ya uhamiaji faili limefikia wapi. Kuamuru viza itoke hawawezi, ila mara nyingi utajua ni karatasi gani inasubiriwa, na kwa mtu anayemsubiri mwenza wake hilo si dogo hata kidogo. Abebe namba ya maombi.

Bungeni nako mbunge huyo ana nafasi. Kabla ya kipindi cha maswali, wabunge wasio mawaziri hupewa dakika moja moja kusemea majimbo yao. Na ombi la wananchi la karatasi linahitaji saini 25 tu. Mbunge akishaliwasilisha bungeni, serikali inatakiwa kujibu ndani ya siku 45. Utaratibu huo mimi nauheshimu sana.

Binti Temeke: Na kama bado hajapata uraia?

Mzee wa Sinza: Anahudumiwa. Cha msingi awe anaishi jimboni humo.

Mama Tabata: Asante sana baba. Habari ya fomu ya ridhaa hatukuijua. Nampigia leo jioni, kwao itakuwa asubuhi.