Shamba la mfano la mbaazi: tupimeje faida bila kudanganyana?

Mbaazi_Nachingwea: Wakuu, kikundi chetu kinaweka shamba la mfano msimu huu: mbegu mpya mbili, Mali na Ilonga 14-M2, kando ya mbaazi yetu ya kienyeji, vizimba (vipande vya majaribio) vya mita 10 kwa 10. Tukivuna, tupige vipi hesabu ili mtu ajue kama mbegu mpya inamlipa kwa ekari?

Udongo_Mwekundu: Mkuu, kosa huanzia siku ya kupanda. Mbegu mpya inapewa mistari na dawa, ya kienyeji inaachwa hivihivi, halafu sifa zote inapewa mbegu. Kila aina ipate vizimba viwili, kimoja kipigwe dawa ya wadudu, kingine kisipigwe. Nafasi na palizi ziwe sawa kote: mistari mita 1, shimo hadi shimo nusu mita, punje 3, baadaye ng'olea ibaki miche 2. Rudieni kwenye mashamba matatu, maana kizimba kikiangukia kichuguu cha zamani kitawaongopea.

Kupima: msivune pembezoni. Mmea wa ukingoni una jua na nafasi ya ziada, unavimbisha mavuno. Acheni mstari mmoja kila upande na mita 1 kila ncha, zibaki mita 8 kwa 8, yaani 64 za mraba. Ekari ni kama 4,047, kwa hiyo zidisha kilo mara 63. Kilo 8 ni 504 kwa ekari. Pimeni punje zikiwa kavu kabisa. Ukiing'ata ipasuke, isibonyee.

Kunde_Ruangwa: Naongezea. Mali inasifika kwa kustahimili mnyauko, ugonjwa unaoletwa na kuvu wa udongoni, lakini ukiipanda kwenye pori jipya hutaona tofauti, kuvu hao hamna. Tafuteni kipande ambacho mbaazi imewahi kunyauka, mhesabu mashina yaliyokufa. Lichane shina: michirizi ya kahawia ndani ndiyo mnyauko wenyewe.

Ilonga 14-M2 ni ya muda wa kati, inatoa maua mapema. Wadudu wa kitongoji kizima watahamia kwake, ndiyo maana kizimba kisicho na dawa kinaweza kuambulia maganda matupu. Pulizieni vitumba vinapotokea, jioni nyuki wakishaondoka. Halafu mbuzi! Mahindi yakishavunwa mifugo inaachiwa, na mbaazi bado ya kijani.

Msihifadhi mbegu kutoka vizimba hivyo. Nyuki wanachanganya aina zinazopakana. Mbegu inunuliwe yenye lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu.

Daftari_la_Shamba: Faida ihesabiwe kwa nyongeza tu. Kilo zilizoongezeka mara bei inayofika mkononi, si ile inayotangazwa mnadani: toa makato ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), ushuru na usafiri hadi ghalani. Kisha toa gharama zilizoongezeka, pamoja na nguvu za nyumbani kwa bei ya kibarua (hapa ndipo watu wanapojidanganya). Mfano wa kukokotoa tu: nyongeza kilo 150, mkononi sh 900, ni 135,000. Mbegu, dawa, kupulizia, kuvuna na kupura vikiongeza 95,000, inabaki 40,000. Gawa 95,000 kwa 150: bei ikishuka chini ya sh 634, mbegu mpya imekula hasara. Mwaka 2017 India ilipobana uagizaji, bei ya mbaazi ilianguka vibaya, kwa hiyo pigeni hesabu kwa bei mbili, nzuri na mbaya.

Mbaazi_Nachingwea: Asanteni. Dawa haitapeperukia kizimba cha jirani?

Udongo_Mwekundu: Itapeperuka. Acheni njia ya mita 3 kati ya vizimba, na upepo ukiwepo ahirisheni hadi kesho yake.