Nguzo za faiba mitaani Hull: tuzikubali au tuzikatae?

Mpangaji wa Newland

Wakuu salaam. Naomba tujadili hizi nguzo za mbao zinazosimikwa mitaani hapa Hull, Uingereza, kwa ajili ya faiba (nyaya za intaneti ya kasi), maana majirani wamechachamaa kweli kweli.

Kwa wasioijua Hull, huu mji kwa intaneti ni kisiwa. Nilipohamia 2018 niliingia kwenye tovuti za kulinganisha bei nikaona kampuni za BT, Sky, Virgin, nikafurahi, kuweka posti kodi (namba ya eneo langu) tu wote wakayeyuka, amebaki KCOM, kampuni ya simu ya hapahapa, peke yake. Chanzo ni cha zamani: halmashauri ya mji ilianzisha simu zake yenyewe 1904, ndio KCOM wa leo, ndo maana hata vibanda vya simu huku ni rangi ya krimu sio vyekundu. Ikazishika mpaka 1999 ilipopeleka hisa sokoni, 2007 ikauza zilizobaki, halafu 2019 kampuni nzima ikaenda kwa wawekezaji wa Macquarie. Yaani mali ya mji imekuwa ya wawekezaji lakini ukiritimba ukabaki palepale!

Tusiwaonee KCOM lakini, mwaka huohuo 2019 walikuwa wameshafikisha faiba eneo lao lote wakati miji mingi Uingereza ilikuwa bado inahangaika na waya za shaba.

Sasa wamekuja kampuni mpya, Connexin, MS3 na wengine, kuvunja ukiritimba, na kwa vile kuchimba barabara ni gharama, wamekuwa wakisimika nguzo hata mitaa ambayo nyaya zote zilikuwa chini. Sheria haiwadai kibali cha mipango miji, wanaipa halmashauri taarifa siku 28 kabla basi. Kwingine Openreach (mwenye mtandao wa nyaya wa BT) analazimishwa na Ofcom (msimamizi wa mawasiliano) kuwakodishia wenzake mitaro na nguzo kwa bei inayosimamiwa, ila mapitio ya 2021 hayakumbebesha KCOM mzigo kama huo. Mimi nasema ugomvi uko hapo, mtaro wa KCOM upo tayari, kwa nini tupandiwe msitu? Nawasilisha.

Bint Kisauni

Ndugu yangu wee, msitu gani? Kwetu Mombasa faiba imening'inizwa kwenye milingoti ya stima, nyaya kama kamba za kuanikia nguo, na watu wanatazama mpira raha mustarehe. Mie napiga video kwa mama kila usiku, nataka bei ishuke. Hayo ya mandhari waachieni wenye bustani.

Mwenye Nyumba

Dada, wasema hivyo kwa sababu nguzo haikusimama mbele ya chumba chako. Mimi nimelipa mkopo wa nyumba miaka kumi na moja, siku moja natoka kazini shifti ya usiku nakuta gogo limesimama hatua tatu kutoka dirishani, hakuna aliyebisha hodi. Na sitaki hata huduma yao, ya zamani inanitosha. Kampuni tatu mtaa mmoja kila mmoja na nguzo zake, huo ni ushindani au ni fujo?

Mama wa Spring Bank

Watoto wangu, mimi mama wa Congo, tuliletwa huku toka kambini, niko Hull miaka mingi sasa. Mnabishania mbao lakini hakuna aliyesema kuhusu bei ya wenye kipato kidogo. Kama uko kwenye Universal Credit (msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo) uliza social tariff, yaani bei nafuu, KCOM wako nayo, wengine pia, ila hawakutangazii, lazima uulize wewe. Mimi nililipa bei kubwa muda mrefu sababu tu sikujua, mpaka binti wa kanisani akanisaidia kupiga simu.

Mpangaji wa Newland

Mama shikamoo, hilo ni la maana kuliko yote niliyoandika mimi.

Bint Kisauni, bei ndo inanichanganya hata mimi. Sisi wapangaji tunaumia kwenye mkataba kuliko spidi. Niliwahi kusaini miezi 24 na kampuni moja (jina silitaji), mwezi wa tisa wa mkataba mwenye nyumba wangu akauza nyumba, huko nilikohamia hawafiki, nikadaiwa hela ya kuvunja mkataba kama vile nimeiba rauta. Siku hizi angalau kuna nafuu, mikataba mipya tangu Januari 2025 hawaruhusiwi kufungia nyongeza kwenye mfumuko wa bei, lazima waandike itapanda pauni ngapi na lini. Someni hicho kipengele kabla hamjasoma Mbps (kipimo cha spidi), familia ya watu wanne haimalizi hata 150.

Mwenye Nyumba

Haya, mpangaji, tuambie basi wewe mwenyewe umechukua ipi.

Mpangaji wa Newland

Nilijua utauliza. Nimekaa na kikokotoo jana usiku, KCOM, rauta ya 5G (nyumba hii ya matofali mnene signo inafia koridoni) na hawa wapya. Wapya wananipa mwezi kwa mwezi bila kunifunga. Fundi anakuja Alhamisi.

Ndio, wa nguzo. Chekeni tu.

Bint Kisauni

😂😂😂 Mwambie fundi akitoka kwako apite na huku.