Tupeane uzoefu: sili za oili kwenye injini za dizeli

Mwanzisha uzi, Kampala

Wadau wa dizeli, salaam. Nimefungua uzi huu kwa sababu gereji nyingi ninazopita, Ndeeba hadi Katwe, nakuta gari limelala kwa shida ileile: sili (ile pete inayozuia oili isitoke pembeni mwa shafti) imebadilishwa juzi tu, na oili bado inachuruzika. Mwenye gari anamlaumu fundi, fundi anailaumu spea, na hela imeshatoka.

Msimamo wangu ni huu: kabla ya kwenda dukani, tafuta kilichoisukuma ile sili. Ringi za pistoni zikichoka, gesi inapenya pembeni na kujaa chini kwenye kranki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Bomba la kupumulia likiwa limeziba masizi, presha inatafuta pa kutokea, na mdomo wa sili ndio mahali pepesi. Hapo hata ufunge ya bei gani, itavuja. Injini ikiwa inaunguruma, fungua mfuniko wa kumiminia oili. Moshi kidogo si ajabu kwa dizeli iliyokula miaka. Ukiona unapiga pumzi kama treni inayopanda mlima, shida yako si sili.

Hilux Surf yangu ya injini ya 1KZ ilikuwa inalowesha sili ya mbele ya kranki. Tulipovua bomba la kupumulia tukakuta ute mweusi mzito umelijaza. Tukalisafisha kwa dizeli, tukafunga sili mpya, na mpaka leo pale mbele pamekauka.

Haya, leteni visa vyenu. Gari gani, sili ipi, ilidumu au haikudumu?

Dereva wa Hiace, Mbarara

Mimi kisa changu ni cha alteneta. Hiace ya injini ya 5L, alteneta zinakufa, fundi umeme anabadilisha kaboni, baada ya muda taa ya betri inawaka tena. Mzee mmoja wa gereji hapa akaingiza kidole nyuma ya alteneta, kikatoka cheusi, kinang'aa oili. Wasiojua: dizeli nyingi za Toyota zina pampu ya vakyumu ya breki mgongoni mwa alteneta, na ile pampu inalainishwa na oili ya injini. Sili yake ikichoka, oili inaingia kwenye kaboni na koili. Kumbe tulikuwa tunatibu umeme na ugonjwa ni mpira mdogo wa duara! Ilibadilishwa sili, alteneta ikaoshwa, kazi inaendelea. Wenzangu wa abiria, angalieni hapo kabla hamjanunua alteneta nyingine.

Fundi wa malori, Malaba

Mleta uzi umesema kweli. Naongezea ya sili ya nyuma ya kranki, kwa sababu hiyo ndiyo inayoumiza watu mfukoni: lazima gia boksi ishuke.

Oili ikidondoka kati ya injini na gia boksi, usikubali mtu aanze kufungua papo hapo. Kwanza chota tone, nusa. Oili ya gia ina harufu kali ya kiberiti, ya injini haina. Ikinuka kiberiti, inayovuja ni sili ya shafti ya gia boksi. Ikiwa ni ya injini, osha injini yote kwa sabuni, ikauke, endesha kidogo, kisha mulika tochi kuanzia JUU. Mara nyingi gasketi ya kava ya tapeti ndiyo inayovuja, oili inateremka nyuma ya bloku mpaka kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya kranki, na watu wanashusha gia boksi bure.

Gia boksi ikishashuka, angalia na klachi. Sahani iliyokunywa oili itateleza tu, ibadilishe hapohapo. Sili ya shafti ya gia boksi pia, usiiache. Pitisha ukucha pale mdomo wa sili ulipokuwa unasugua kranki. Ukucha ukikwama, shafti imechimbika. Sili mpya ikikaa kwenye mfereji uleule itavuja. Kuna pete nyembamba za chuma za kuvisha shafti, au kama nafasi ipo, sogeza sili milimita moja hivi ikae kwenye chuma laini.

Na jamani, sili haigongwi kwa nyundo upande mmoja! Tumia kipande cha bomba kinacholingana nayo, iingie sawasawa.

Muuza spea, Kisekka

Ndugu zangu, mkija dukani njooni na sili ya zamani na namba ya chesisi. Usoni pa sili huwa kuna vipimo vitatu: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene. Ila vipimo kulingana hakutoshi. Sili nyingi za kranki zina mshale wa upande wa kuzunguka; ukifunga iliyo kinyume, ile michirizi ya ndani inavuta oili kuitoa nje badala ya kuirudisha.

Halafu mpira wenyewe. NBR ni wa bei nafuu na kwa joto la injini unakauka mapema. FKM, wengine wanauita Viton, unastahimili hadi nyuzi 200 hivi. Kwa kranki ya dizeli yenye tabo (turbo) mimi simuuzii mtu NBR. Za Toyota halisi, namba zake nyingi huanza na 90311, lakini boksi zuri linachapishwa popote, kwa hiyo mtoe sili muione: springi imekaa kwenye mfereji wake pande zote, mdomo hauna mikunjo wala alama ya kukatwa. Na sili iliyotundikwa kwenye msumari dukani, jua linaipiga, usiinunue hata kama ni halisi. Mdomo umeshapinda.

Dereva wa Land Cruiser, Gulu

Injini yangu ni 1HZ. Kila tukibadilisha mkanda wa taimingi, kilomita 100,000, tunabadilisha na sili ya kranki na ya kemshafti. Mkanda ukilowa oili haumalizi safari.

Mgeni wa dizeli, Jinja

Asanteni sana wakubwa. Nauliza: zile dawa za kumimina kwenye oili zisimamishe uvujaji, zinafaa? Na sili niliyouziwa haina springi, ndani ina pete ya plastiki. Nimeibiwa?

Fundi wa malori, Malaba

Dada, dawa zinavimbisha mpira kwa muda. Mdomo uliokatika au shafti iliyochimbika haziponyi. Hiyo ya plastiki hujaibiwa, ni sili ya PTFE, aina ya plastiki, ziko nyingi kwenye injini za siku hizi. Ile pete usiitoe kabla ya kufunga, ndiyo inayoongoza mdomo uingie kwenye shafti. Na mwambie fundi wako asiipake oili wala grisi: inafungwa kavu, shafti ikiwa safi. Hizi za kawaida za mpira ndizo zinazopakwa oili mdomoni.