Pointi za hoteli: je, inafaa kuzitumia kwa usiku mmoja Entebbe kabla ya ndege ya alfajiri?

Mkaazi wa Mbarara:
Ndugu zangu, naomba ushauri. Mimi na mke wangu tunatarajia kwenda Ulaya mwezi ujao kwa ndege inayoondoka Entebbe kabla ya alfajiri, na kwa kuwa sisi tunatoka Mbarara, kilomita zipatazo 270 kutoka Kampala, sioni busara ya kukesha barabarani na kisha kupanda ndege bila kulala. Kwa muda mrefu kazi yangu imenipeleka kwenye warsha za Kampala na Nairobi, nami nimejikusanyia pointi za Marriott Bonvoy, mpango wa kampuni ya hoteli ya Marriott wa kuwazawadia wageni wake, ambazo sijazigusa. Nafikiria kuzitumia kulala Protea ya Entebbe, hoteli ya Marriott iliyo ufukweni mwa ziwa, dakika chache kutoka uwanja wa ndege. Mke wangu anaona ni israfu kuzimaliza kwa ajili ya saa chache za usingizi. Je, nyinyi mngezitumia, au mngelipa fedha taslimu? Pia, wakati wa kurejea tutatua saa nane za usiku; nafasi ya usiku huo niiweke kwa tarehe ipi?

Mhasibu wa Ntinda:
Ndugu, kabla ya kuamua, fanya hesabu ukiwa na bei mbili mbele yako za usiku uleule na chumba kilekile. Tangu mwaka 2022 Marriott haina tena jedwali maalumu la pointi kwa kila hoteli. Kiasi kinachodaiwa hupanda na kushuka kulingana na tarehe, kwa hiyo jibu la mtu aliyelala pale mwaka jana halitakusaidia sana. Chukua bei ya fedha ikiwa na kodi zote, maana hapa kwetu kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ni asilimia 18 na bei inayotangulia kuonekana kwenye mtandao mara nyingi haijaijumuisha, kisha uigawe kwa pointi zinazotakiwa. Kwa mfano tu, ikiwa chumba ni dola 180 pamoja na kodi na hoteli inataka pointi 20,000, kila pointi 1,000 zimekulipia dola 9. Wanaofuatilia mambo haya kwa kawaida huthamini pointi 1,000 za Marriott kwa dola 7 au 8 hivi, kwa hiyo hapo ungekuwa umefaidika. Ukipata dola 5, lipa fedha na uzitunze pointi.

Angalia pia kama bei ya fedha unayolinganisha ina kifungua kinywa, kwa sababu chumba cha pointi mara nyingi ni chumba peke yake. Watu wengi hulinganisha vitu viwili tofauti, kisha wanalalamika kwamba wamepunjwa.

Binti wa Kitoro:
Mimi namuunga mkono shemeji. Mtafika jioni mkiwa na uchovu wa barabara, mtakula, mtalala, na kabla ya saa nane za usiku mtakuwa mmeamka ili muwahi ukaguzi uwanjani. Hilo ziwa hamtaliona hata kidogo. Hapa kwetu Kitoro, mjini Entebbe, zipo nyumba za wageni safi, zenye jenereta na gari la kuwapeleka wageni uwanjani, kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Pointi za Marriott zina faida kubwa zaidi ukizitumia kwa likizo, kwani ukilala siku tano mfululizo katika hoteli moja kwa pointi, usiku mmoja, ule wenye bei ya chini kabisa, hautozwi. Jambo la kuangalia tu ni kwamba akaunti isipokuwa na shughuli yoyote kwa miezi 24, pointi hupotea, na wewe unasema hujazigusa.

Mapokezi Mstaafu:
Nimefanya kazi ya mapokezi ya hoteli kwa miaka mingi, na swali la tarehe ndilo linalowaumiza wageni kuliko la bei. Mkitua saa nane za usiku wa kuamkia tarehe 15, usiku mnaouhitaji ni wa tarehe 14. Anayeweka nafasi ya tarehe 15 hufika akaambiwa asubiri hadi mchana, au alipe usiku mwingine. Lakini hata ukiweka tarehe sahihi, iandikie hoteli mapema uwape namba ya ndege na saa ya kutua, kwa sababu usiku wa manane hufungwa hesabu za siku, na mgeni ambaye hajafika wala kutoa taarifa anaweza kuandikwa kuwa hakuja. Hapo pointi huweza kupotea na chumba akapewa mwingine.

Kuhusu safari ya kwenda, sikubaliani sana na Binti wa Kitoro. Mkitoka Mbarara asubuhi mtaingia barabara ya mwendo kasi ya kwenda Entebbe pale Busega bila kugusa katikati ya Kampala, mlipe ushuru wa shilingi 5,000 wa gari dogo, na mnaweza kuwa hotelini mapema alasiri. Mtu anayefika saa tisa mchana ananufaika na chumba kizuri. Anayefika saa nne za usiku ananufaika na kitanda tu, na kitanda kipo kila mahali.

Mkaazi wa Mbarara:
Nawashukuru nyote. Nimefanya hesabu ya Mhasibu: usiku wa kwenda pointi zinalipa vizuri, lakini usiku wa kurudi bei ya fedha iko chini na pointi zinazodaiwa ni zilezile. Basi tutatumia pointi kwenda, tukiondoka nyumbani mapema, na kurudi tutalala Kitoro kama dada alivyoshauri. Mke wangu ameridhika, ingawa anadai wazo lilikuwa lake tangu mwanzo. Swali la mwisho: je, lazima jina lake pia liandikwe?

Mapokezi Mstaafu:
Naam, weka watu wazima wawili tangu unapohifadhi chumba, kwa sababu katika hoteli nyingi bei ya mtu mmoja na ya wawili hutofautiana na mabishano hutokea mezani pa mapokezi. Njoo na pasipoti zote mbili. Kwa kuwa mtaondoka kabla jiko halijafunguliwa, omba jioni ileile mfungiwe chakula cha asubuhi, na uthibitishe saa ya gari la uwanjani kabla hujapanda kulala.