Leaf ya Zuhura yapandishwa Nairobi: gumzo la kikundi cha ukoo

IJUMAA

Zuhura: Assalaam alaykum nyote, shikamooni wakubwa. Alhamdulillah, wakala wa forodha amenitumia karatasi ya mwisho sasa hivi. Ile Nissan Leaf ya kutoka Japani ushuru umekwisha, iko yadi hapo Mombasa, ruhusa ya kuitoa ninayo. Sasa nawauliza: niteremke niiendeshe mwenyewe hadi Nairobi, au nitafute lori la kubeba magari?

Ami Salim: Waalaykum salaam, marahaba mwanangu. Hongera, Mwenyezi Mungu akutilie baraka. Barabara hiyo nimeipita na trela miaka yote ya kazi yangu. Gari dogo likitoka Mombasa alfajiri, mchana liko Mlolongo, mlangoni mwa Nairobi. Nitakuletea mimi mwenyewe. Lori la nini?

Idi: Baba, hiyo ni ya umeme mtupu, haina tangi. Betri yake ilipokuwa mpya ilikuwa ya uniti 40 (kilowati-saa), na kwa vipimo rasmi vya Marekani yaenda kama kilomita 240 kwa chaji moja. Mombasa hadi Nairobi ni kama 480.

Ami Salim: Basi twalala Mtito Andei, nusu ya njia, tuchaji usiku, asubuhi twaendelea.

Idi: Hizo 240 ni za gari jipya. Hii ni ya 2019, ule mstari wa afya ya betri pembeni mwa geji umebaki vipande 11 kati ya 12. Halafu kuna mlima. Kutoka baharini hadi Nairobi wapanda zaidi ya mita 1,600. Nimepiga hesabu: gari la kilo 1,500, watu wawili na mizigo yao, kuliinua tu urefu huo kwala karibu uniti 8, na hapo sijatia upepo, AC wala kupita malori. Na soketi ya kawaida ya gesti yatoa kilowati 2 na kitu. Betri ikifika Mtito tupu, kuijaza ni usiku kucha na asubuhi yote.

Ami Salim: Nimekuelewa. Na lori liwe.

Shangazi Maimuna: Mimi hili la betri lanikosesha usingizi. Niliona kwenye taarifa meli imebeba magari inaungua katikati ya bahari. Haitawaka juu ya lori ikamdhuru mtoto wa watu anayeendesha?

Faraj (Ohio): Shikamoo shangazi. Swali lako ni la haki. Meli hizo ni kweli. Felicity Ace iliungua Februari 2022 ikielekea Marekani na magari karibu 4,000, ikazama karibu na visiwa vya Azores. Morning Midas ilishika moto Juni 2025 kusini mwa Alaska, ilikuwa na magari kama 3,000, mabaharia wote 22 waliokolewa, nayo ikazama. Lakini kuna Fremantle Highway, Julai 2023, pwani ya Uholanzi. Hiyo baharia mmoja alifariki, Mungu amrehemu. Ilikuwa na magari karibu 3,800, na kama 500 ni ya umeme. Kila mtu akasema ni betri. Walipoivuta hadi bandarini wakakuta magari ya umeme yaliyokuwa sitaha za chini yako salama.

Shangazi Maimuna: Marahaba mwanangu. Kwa hivyo hayawaki?

Faraj (Ohio): Yaweza kuwaka, na yakiwaka kuyazima ni kazi kubwa kuliko ya petroli, yaweza hata kuwaka tena baada ya kuzimwa. Ndiyo maana Julai 2025 kampuni ya meli ya Matson iliacha kubeba magari ya umeme kwenda Hawaii. Betri ya kuogopwa hasa ni iliyogongwa chini, iliyoingia maji ya chumvi, au yenye kasoro ya kiwandani. Hii ya Zuhura imevuka bahari nzima bila taabu. Lakini Idi alale chini aitazame tumbo kabla haijapakiwa.

Idi: Nitafanya hivyo kesho inshallah. Natafuta kifuniko cha betri kama kimebonyea au kimekwaruzwa na rampu ya meli.

Bi Nuru: Na hiyo kampuni ya lori ni ya nani? Msimpe mtu gari la mwanangu kwa sababu ana picha nzuri kwenye simu.

Zuhura: Mama, nimepata bei tatu. Mmoja ana bei ya chini sana, ataka nilipe zote leo kwa M-Pesa ya jina lake mwenyewe. Wa pili ana ofisi Changamwe, ataka nusu sasa na nusu gari likifika. Wa tatu hajajibu maswali yangu.

Faraj (Ohio): Huyo wa kwanza mwache. Mimi nilipohamisha gari langu kutoka Columbus kwenda Seattle, zaidi ya kilomita 3,800, niliyemlipa mwanzo kumbe hakuwa na lori hata moja. Alikuwa dalali. Alichukua kazi kwa bei ambayo hakuna mwenye lori aliyeikubali, gari likakaa, akanirudia ananiomba niongeze. Huku Marekani udalali ni kazi halali, lakini yataka ujue unasema na nani: dalali au mwenye lori. Kila kampuni inayovusha mizigo kutoka jimbo hadi jimbo ina namba ya usajili wa serikali iitwayo USDOT. Unaiingiza kwenye tovuti ya idara ya serikali iitwayo FMCSA, unaona kibali chake na kama bima yake ingali hai. Wa pili nilimwangalia hivyo kwanza, ndipo nikampa gari.

Ami Salim: Hapa Zuhura muombe huyo wa Changamwe vitu vitatu: namba ya lori lenyewe, jina la dereva, na cheti cha bima ya mizigo iliyo njiani. Bima ya lori haitoshi. Lori likipinduka Taru, bima ya lori yalipa lori, si gari lililo juu yake. Kisha ipigie simu kampuni ya bima wewe mwenyewe, kwa namba uliyoitafuta wewe, si ile atakayokupa yeye.

Zuhura: Naipiga sasa hivi Ami, kabla hawajafunga.

Ami Salim: Na mwambie uzito wa kweli. Usiseme tu ni saluni ndogo. Mwenye lori ana hesabu yake ya magari mangapi aweza kubeba akapita mizani ya Mariakani. Axio ina kama kilo 1,100. Hii Idi asema 1,500. Ukimficha, akikamatwa Mariakani lori lalala hapo na gari lako juu yake, nawe wasubiri Nairobi huelewi kwa nini.

Idi: Kilo kama 300 ni betri peke yake. Iko chini ya viti, ndiyo maana gari latulia sana barabarani.

Zuhura: Bima nimeithibitisha. Sera ni hai na namba ya lori wanaijua. Nimekubaliana naye, anapakia kesho saa nane mchana.

Bi Nuru: Alhamdulillah.

JUMAMOSI

Idi: Niko yadi. Gari halifunguki. Nabonyeza rimoti, kimya kabisa.

Zuhura: Yaa Rabi. Betri imekufa?

Idi: Kubwa sidhani. Ni ile ndogo ya volti 12. Gari la umeme lina betri mbili, dada. Kubwa ndiyo yasukuma magurudumu. Ndogo ya asidi ndiyo yafungua milango, yawasha kompyuta na kuiamuru kubwa iamke. Ndogo ikifa, kubwa hata ikiwa na chaji gari ni chuma tu. Na hii imekaa melini kisha ikakaa hapa juani, hakuna aliyeiwasha.

Idi: Nimetoa ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti, mlango wa dereva umefunguka. Naenda boneti.

Idi: [picha] Mita yasoma volti 8.9. Yapaswa kuwa 12 na ushei.

Zuhura: Na lori laja saa nane!

Idi: Subirini, hawa vijana wa yadi wameleta kamba. Wataka kuliburura hadi kwenye rampu.

Ami Salim: Idi wazuie. Hilo gari latumia magurudumu gani?

Idi: Nimesimama mbele ya gari. Ya mbele. Injini ya umeme imeshikana na magurudumu ya mbele moja kwa moja, haina gia ya kuiachanisha. Tena sasa limefungwa kwenye P, na kuitoa P kwahitaji umeme. Wakiburura tairi zinakwaruza sakafu. Na hata lingetoka P, kitabu cha Nissan chasema lisivutwe magurudumu ya mbele yakigusa chini, kwa sababu injini yaweza kuharibika vibaya. Ni kulipandisha mgongoni mwa lori, tairi zote nne juu.

Bi Nuru: Waambie kwa adabu mwanangu, wanafanya kazi yao.

Idi: Nimewaeleza mama, wameelewa. Mmoja hata kanishikia tochi. Naunga waya za kustati kwenye ile ndogo.

Idi: LIMEAMKA. [picha ya dashibodi] Chaji ya kubwa ni asilimia 38.

Zuhura: Alhamdulillah Rabbil alamin 🙏🏾 38 si kidogo?

Idi: Yafaa sana. Kwa safari ya lori hutaki iliyojaa wala tupu. Nissan wenyewe wakataza kuliacha zaidi ya siku 14 chaji ikiwa karibu na sifuri, maana betri huumia. Na ikijaa pomoni kwenye joto hili la Mombasa pia huchakaa. Katikati hapo ndipo pake. 38 yakutosha kuteremka kwenye lori, kufika nyumbani na kubakisha.

Faraj (Ohio): Wenye lori lililobeba gari langu waliniambia nililete na chaji kati ya asilimia 30 na 50, sawa na asemavyo Idi. Na walinisisitiza nizime kamera za ulinzi, zile zikikesha macho zanyonya chaji safari nzima.

Idi: Hii ina kamera ya dashibodi ya Kijapani, nimeichomoa. Nitaliacha limewashwa saa moja hivi ili kubwa iilishe ndogo, kisha nizime. Tumbo nimelitazama: kifuniko cha betri kizima, hakuna kubonyea.

Ami Salim: Sasa piga picha. Zunguka gari lote, kila bampa, kila rimu, kioo cha mbele, paa. Na geji ya chaji pamoja na kilomita. Jua likiwa bado kali, usingoje magharibi.

Idi: [picha] [picha] [picha] [picha] Bampa ya nyuma kulia kuna mkwaruzo wa urefu wa kidole. Ni wa zamani, rangi imeshaingia vumbi.

Ami Salim: Uandikwe kwenye karatasi ya kupokelea mzigo, dereva atie sahihi, nawe utie. Nakala mbili.

Idi: Lori limefika, dereva ni yule yule wa kwenye karatasi. Mtu mzima, mtaratibu. Amelivuta kwa winchi polepole, ndoano kwenye ile skrubu ya mbele ya kuvutia, si chini ya betri. Mikanda amefunga kwenye tairi, zote nne. Nimemwachia rimoti na ule ufunguo wa chuma, nikamwonyesha jinsi ya kulitoa P.

Shangazi Maimuna: Ana tanboi? Au yuko peke yake usiku mzima?

Idi: Yuko na tanboi, shangazi.

Ami Salim: Nipe namba yake nizungumze naye.

Ami Salim: Nimesema naye. Ni mtu wa njia, tumekumbuka watu wengi. Nimemwambia hatumharakishi. Apite Mariakani, alale Voi, aanze tena baada ya alfajiri. Zuhura, usimpigie usiku. Dereva anayepigiwa simu kila saa ndiye anayetiwa hatarini.

Zuhura: Sitampigia Ami. Nakushukuru sana.

JUMAPILI

Zuhura: Kaniandikia mwenyewe, amepita Emali. Mizani hakusumbuliwa.

Bi Nuru: Mungu amfikishe.

Zuhura: Limefika! Niko hapa yadi yao, Barabara ya Mombasa. [picha] Limewaka mara moja, betri ndogo iko hai. Chaji ile ile, 38.

Idi: Juu ya lori halitumii kitu. Zunguka kwanza kabla hujatia sahihi.

Zuhura: Nazunguka. Kioo sawa, rimu sawa. Bampa ya nyuma kuna mkwaruzo! Kijana wa hapa asema huenda ni mkanda wa lori.

Ami Salim: Kulia au kushoto?

Zuhura: Kulia.

Idi: Ndio ule wa jana. Fungua picha ya nne.

Zuhura: Naam, ndio wenyewe, na kwenye karatasi umeandikwa. Nimemwonyesha kijana. Dereva ameshusha pumzi, masikini, alikuwa ameshaanza kutafuta simu ya bosi wake.

Ami Salim: Ndiyo maana ya ile karatasi. Yamlinda na yeye. Sasa tia sahihi, lipa nusu iliyobaki kwa jina la kampuni, na uniwekee hapa nakala zote mbili.

Zuhura: [picha] [picha] Tayari.

Shangazi Maimuna: Wamekula hao watu?

Zuhura: Nimewanunulia chai na mahamri shangazi, wako hapa.

Idi: Dada, leo nenda nyumbani tu, usichaji kwa waya wa ekstensheni. Gari lavuta umeme mwingi kwa saa nyingi, na ekstensheni nyembamba huyeyuka. Waya uliokuja nalo ni wa Japani, plagi yake haiingii soketi zetu, na usinunue adapta ya mtaani. Mwite fundi mwenye leseni akuwekee soketi yake pekee, yenye waya mnene na athi (waya wa kwenda ardhini).

Zuhura: Fundi nilishamwita tangu Alhamisi, aja kesho saa tatu asubuhi. Nitakupa usemezane naye.

Idi: Sawa. Mwambie aje na mita ya kupimia athi.