Ngazi ya nyumba ya Mji Mkongwe imechakaa: tuitengeneze au tuivunje?

Mrithi wa Malindi
Assalamu alaykum. Nyumba yetu ya urithi ipo Malindi, Unguja. Ngazi yake ni ya zamani: boriti za mikoko zimelazwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake pakajengwa mawe na chokaa, na ukingo wa kila kidato ukawekewa ubao. Vidato vimeliwa katikati hata vimekuwa kama visahani, mbao za ukingo zimelegea, na kidato cha nne kikigongwa kinatoa sauti ya uwazi. Fundi ametushauri tubomoe yote, tumwage zege lenye nondo. Bibi yetu anaishi juu, kwa hiyo hatuwezi kukaa bila ngazi. Naomba ushauri.

Mwashi wa Chokaa
Wa alaykum salaam. Kidato kilicholiwa na nyayo lakini kingali kigumu kinahitaji kujazwa tu. Kinacholia uwazi ndicho cha kufunuliwa. Kichunguzeni kutokea chini, pale boriti inapoingia ukutani, kwa sababu ncha hiyo ndiyo inayonywa unyevu na ndiyo mchwa hupenda kuanzia. Chomekeni bisibisi: ikizama bila nguvu, boriti imekwisha hata kama katikati inaonekana nzima. Kisha tafuteni maji yanatoka wapi, kwa kuwa mkibadilisha boriti huku bomba la choo cha juu linavuja, kazi mtairudia.

Zege nisingelikubali. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa huachia unyevu taratibu, ilhali saruji huufungia ndani, chumvi ikajikusanya pembeni na chokaa ya jirani ikaanza kumomonyoka. Isitoshe, zege ni zito, na ukuta huo haukujengwa kwa mzigo wa namna hiyo. Jazeni kwa chokaa iliyozimwa vizuri, sehemu moja kwa tatu za mchanga usio na chumvi, kwa matabaka membamba yanayofunikwa magunia yaliyoloweshwa ili yasikauke haraka yakapasuka. Mjaze hadi usawa wa zamani tu. Wapo wanaoongeza tabaka juu ya ngazi nzima, na matokeo yake kidato cha kwanza huwa kirefu na cha mwisho kifupi, mguu uliozoea ukajikwaa.

Seremala wa Ng'ambo
Naafiki, ila boriti isiondolewe kabla ya kuweka mihimili ya muda chini ya ngazi, na itolewe moja baada ya moja. Ubao wa ukingo uwe wa mvule au mninga, nao ulingane sawasawa na chokaa. Ukijitokeza hata kidogo, bibi atakwaa kidole. Mfungieni pia ubao wa kushikia ukutani.

Jirani wa Shangani
Msisahau kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Eneo hili ni la hifadhi, na tangu mwaka 2000 limo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kwa maoni yangu, maombi ya kukarabati kwa vifaa vya asili yana nafasi nzuri zaidi kuliko ya kubomoa.

Mrithi wa Malindi
Nawashukuru nyote. Je, wakati chokaa inakauka, bibi atapitaje?

Mwashi wa Chokaa
Tengenezeni kidato kimoja, mruke kinachofuata, nanyi mpite kwenye vile ambavyo havijaguswa hadi vya mwanzo vikomae. Bibi ahamie chini kwa muda huo, maana kuruka kidato si kazi ya umri wake.